Ofisi inataka kila mtu apunguze kilo 10 kwa miezi mitatu. Mimi nijiwekee lengo gani?

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 42, mhasibu katika kampuni ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Naishi Mbagala na ofisi yetu iko mjini. Naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri nisije nikakwama kwenye foleni, na siku nyingi narudi saa mbili usiku. Nina presha, natumia dawa kila siku.

Mwezi wa kwanza uongozi ulituletea mpango wa afya kazini. Nilifurahi kwa kweli, maana baba yangu alifariki kwa kiharusi na sitaki wanangu wapitie niliyopitia. Malengo yalipokuja ndipo nilipoishiwa nguvu. Kila mfanyakazi apunguze kilo 10 ndani ya miezi mitatu, atembee hatua 10,000 kila siku kwa kipimo cha simu, na asile wali wala ugali baada ya saa kumi na mbili jioni. Tukagawanywa makundi. Kila Jumatatu asubuhi tunapanda mzani kwenye ukumbi wa mikutano, mmoja mmoja, wenzetu wakitazama, halafu majina na kilo zinawekwa kwenye group la WhatsApp la ofisi. Kundi lililopungua zaidi linapewa fedha.

Nilianza na kilo 84, nikashuka mpaka 80. Mwisho wa mwezi tukaingia kufunga hesabu, nikawa natoka ofisini saa tatu usiku, na kilo zote zikarudi na moja juu yake. Mwenzangu wa kundi akasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye ninayewarudisha nyuma. Tangu hapo Jumapili usiku silali vizuri, na Jumatatu sinywi hata maji mpaka nishuke kwenye mzani. Mchana mara nyingi sili, kwanza kwa sababu malipo ya forodha yanatubana, pili naona ni nafasi ya kupunguza. Kuna dada wa mapokezi anauza chai ya kupunguza tumbo, wanawake wengi hapa wanainywa, nami nainywa. Juzi nilishikwa na kizunguzungu ndani ya daladala mpaka konda akaniombea kiti.

Wengine wana njia zao. Kaka mmoja wa idara ya magari humpa mtoto wake simu jioni akimbie nayo uwanjani, asubuhi anaonekana ametembea hatua 14,000. Sitaki kufanya hivyo. Nataka afya kweli.

Sasa afisa utumishi ameniita. Mzunguko wa pili unaanza mwezi wa saba, na kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliolalamika, ameniambia niandike mapendekezo, ukurasa mmoja tu. Naogopa nikisema malengo yapunguzwe wataniona mvivu. Niandike nini? Na mimi mwenyewe nijiwekee lengo gani nitakaloliweza kwa maisha haya ninayoishi?

Mhasibu wa Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole ya baba, na pole ya maneno uliyoambiwa mbele ya watu.

Kabla ya karatasi ya ofisini kuna jambo moja haliwezi kungoja. Acha hiyo chai leo. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki, majani yale yale ambayo watu wa pwani wameyatumia miaka mingi kufungua choo. Kazi yake ni kuharisha. Mzani unashuka kwa sababu umepoteza maji na choo, na mafuta ya mwilini yanabaki pale pale. Kwa mtu wa presha hilo ni hatari zaidi, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha hukufanya ukojoe sana, na ukijumlisha kuharisha unapoteza maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji upige sawasawa. Ongeza njaa ya mchana kutwa na Jumatatu isiyo na maji, na kizunguzungu kile kwenye daladala hakishangazi hata kidogo. Nenda zahanati wiki hii, upimwe presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na umwambie daktari kila kitu: chai, kutokula mchana, mazoezi unayotaka kuanza. Dawa usiiache wala usiipunguze kwa uamuzi wako. Na kama ofisini kuna mwenzako mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, mwambie na yeye kwamba kuruka mlo ili kushinda mzani kunaweza kumwangusha pale pale kwenye kiti.

Sasa tuje kwenye hofu yako ya kuonekana mvivu. Mtu anayeamka saa kumi, akapanda daladala, akafunga hesabu za kampuni, akarudi usiku akapikia watoto, huyo si mvivu. Kilichokosewa ni lengo, na unaweza kulionyesha hilo kwa hesabu, ambayo ndiyo kazi yako.

Chukua zile kilo 10. Kwa dereva wenu mwenye kilo 130, kilo 10 ni kama asilimia 8 ya mwili wake. Kwa binti wa mapokezi mwenye kilo 60, ni moja ya sita ya mwili mzima, na huenda hana hata kilo moja ya kupunguza. Kwako wewe ni karibu asilimia 12. Lengo moja limewaangukia watu watatu kwa uzito tofauti kabisa, na mmoja wao linaweza kumdhuru.

Linganisha na kilichokwisha kupimwa. Marekani kulifanyika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, matokeo yake yakatoka mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wamekaribia kupata kisukari waligawanywa makundi. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Walioishi hivyo walipungukiwa na uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata waliomeza dawa ya metformin, ambao walipungukiwa kwa asilimia 31. Asilimia 7 tu. Kwako ni kama kilo sita. Na hao hawakuachwa na mzani na orodha ya majina: kila mmoja alikuwa na mwalimu wake na masomo 16 yaliyogawanywa katika wiki 24 za mwanzo. Kama ofisi inataka matokeo ya namna hiyo, itoe na muda wa namna hiyo.

Hatua 10,000 nazo zina historia yake. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kipimo cha hatua cha kuvaa kiunoni na kukipa jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikuwa nzuri kwa tangazo, watu wakaipenda, ikazunguka dunia. Watafiti walipokuja kuipima kwa wanawake wazee wa Marekani, wastani wa umri miaka 72, waliona mwaka 2019 kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700 hivi, na faida iliongezeka mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Wewe hujafika umri huo, kwa hiyo usiichukue 7,500 kama amri mpya. Ninachotaka ukione ni kwamba faida kubwa iko mwanzoni, pale mtu anapotoka kwenye kukaa na kuingia kwenye kutembea kidogo. Lengo linalomwambia aliyetembea hatua 6,000 kwamba ameshindwa linamficha ukweli huo.

Halafu simu yenyewe inahesabu nini? Ukirudi nyumbani unaitupa kwenye chaji, unachota maji, unapika, unafua, unapanda na kushuka na ndoo, na kwa simu wewe umelala. Mtoto wa yule kaka anakimbia uwanjani, na kwa simu baba yake ni mwanariadha. Sitamlaumu yule kaka peke yake. Ukiweka fedha na aibu juu ya namba, watu wataitafuta namba, na hata wewe uliyekataa kudanganya umefikishwa mahali pa kukaa bila maji ili mzani ushuke.

Sheria ya kutokula wali wala ugali baada ya saa kumi na mbili inanisikitisha kuliko zote. Aliyeiandika anafika kwake jua likiwa bado lipo. Wewe saa kumi na mbili uko kituoni unasubiri gari. Kwako sheria hiyo inasema usile usiku kabisa, au ule ukijiona mkosaji mbele ya sufuria uliyowapikia wanao. Wali na ugali si adui zako. Kinachokuumiza ni siku nzima ya tumbo tupu, ikifuatiwa na sahani moja kubwa usiku ukiwa umechoka.

Afisa utumishi anaweza kukujibu kwamba mipango hii inasaidia kampuni duniani kote. Mjibu kwa heshima kwamba imepimwa. Marekani kuna kampuni ya maduka ya jumla, BJ's Wholesale Club, iliyokubali watafiti wachague kwa bahati nasibu vituo 20 vya kazi kati ya 160 vipewe mpango wa afya, na vingine visipewe. Wafanyakazi wote walikuwa karibu 33,000. Baada ya miezi 18, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwenye vituo vyenye mpango watu wengi zaidi walisema wanafanya mazoezi na wanaangalia uzito wao. Hilo ni jambo jema. Lakini uzito, presha, lehemu, gharama za matibabu na siku za kutofika kazini havikuwa na tofauti ya maana. Sikuelezi haya ili mpango ufutwe. Ofisi ina nafasi kubwa sana ya kuwasaidia ninyi, mnashinda humo kuliko nyumbani. Lakini masomo na ahadi peke yake havibadilishi mwili wa mtu ambaye ratiba yake, chakula chake na kiti chake vimebaki vile vile.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wako, anza na malengo ya uongozi. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote, na ndilo huwa linasahaulika: mpango wa afya unaowapa malengo wafanyakazi tu, mwajiri asiwe na hata moja, umeanza vibaya. Mwajiri ndiye mwenye funguo za mambo ambayo mfanyakazi hawezi kuyagusa.

Chai ya saa nne, kwa mfano. Nazijua chai za ofisini: birika limeshakorogwa sukari jikoni, maandazi na sambusa kwenye sinia, na asiyetaka sukari hana chai. Omba chai ije bila sukari na sukari ikae pembeni, kila mtu ajiwekee. Omba vikao vya uongozi na wateja viwe na maji na matunda badala ya soda. Chupa ya soda ya kawaida, ile ya mililita 350, ina sukari kama gramu 35 au zaidi, vijiko vinane mpaka tisa vya chai. Mama lishe anayewaletea chakula akae na uongozi kidogo tu, wakubaliane kwamba mchicha au tembele usiwe kijiko kimoja cha mapambo pembeni ya mlima wa wali. Yeye ni mfanyabiashara. Akilipwa kwa sahani yenye mboga nyingi ataipika, na ataipika vizuri.

Na saa ya chakula cha mchana ilindwe. Hili liandike kwa wino mzito. Idara ya fedha isipangiwe malipo ya dharura saa saba mpaka saa nane, isipokuwa kuna meli inangoja kweli. Nimeona mipango mingi ya afya kazini inayomlipa mwalimu wa zumba wa Ijumaa jioni huku mhasibu hajapata dakika 20 za kula tangu Jumatatu. Kama fedha ya zawadi ipo, itumike wiki ya kufunga hesabu: chakula cha jioni cha maana kwa wanaobaki, na usafiri wa kuwarudisha nyumbani wapate kulala.

Kumbuka pia kwamba kampuni yenu si idara ya fedha peke yake. Mna madereva, mna makarani wanaoshinda bandarini juani, mna wapagazi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa London walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Kampuni moja, basi moja, miili miwili tofauti. Mpagazi wenu anafikisha zile hatua kabla ya saa sita mchana na hahitaji kuambiwa atembee. Anahitaji maji safi, kivuli, mlo wa wakati na usingizi. Dereva anayekwenda Tunduma anahitaji mahali pa kusimama akanyooka, na ratiba isiyomlazimisha kula chipsi usiku wa manane. Lengo likipangwa kwa idara, kila mtu atajiona ndani yake.

Mzani utoke ukumbini. Hapa huna haja ya kuomba huruma, sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Majina na kilo kwenye group la WhatsApp ni jambo ambalo mwanasheria wa kampuni hatalifurahia akiliona. Liseme kwa upole: upimaji uwe wa hiari, ufanywe na muuguzi chumbani, upimwe presha na sukari pamoja na uzito, majibu apewe mwenyewe kwenye kadi yake, na ofisi ipate jumla tu isiyo na majina. Mashindano ya kilo yafutwe. Watu wakitaka kushindana, bonanza lipo. Wacheze netiboli na mpira, wavute kamba, asiyeweza kukimbia ashangilie. Hapo hakuna anayeulizwa uzito wake.

Mwenzako aliyekusema usimbebee kinyongo kirefu. Alikuwa anatetea fedha ya kundi, na kundi lilipangwa liwe hivyo. Ukipata nafasi ya faragha mwambie tu kwamba maneno yale yaliuma, na kwamba una presha. Wengi hawajui.

Sasa wewe mwenyewe. Wiki moja usibadilishe chochote isipokuwa hiyo chai. Andika tu: umekula nini saa ngapi, umetembea wapi, umelala saa ngapi. Wewe ni mhasibu, huwezi kupanga bajeti bila kujua kilichomo kwenye akaunti. Wiki hiyo itakuonyesha yako, lakini kwa barua yako naweza kukisia pengo kubwa liko mchana.

Kwa hiyo lengo lako la kwanza nalitaka liwe la kula. Kila siku ya kazi, kabla ya saa nane mchana, uwe umekula mlo. Sahani ya wali maharage ni chakula kizuri. Punguza wali kidogo, ongeza maharage na mboga, omba mchuzi usimwagiwe juu. Dagaa, samaki, ndizi na mboga za majani, vyote hivyo viko kwa mama lishe na bei yake unaijua. Halafu saa kumi jioni, kabla hujatoka, kula kitu kidogo ulichobeba: ndizi mbivu, chungwa, konzi ya karanga zisizo na chumvi. Ukifika Mbagala saa mbili hutakuwa na ile njaa ya kula ukiwa umesimama jikoni. Utakula na watoto, sahani ya kawaida, na ugali ukiwemo.

La pili ni chumvi na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Kwa presha yako hili lina maana kuliko kilo mbili tatu. Angalia unga na vidonge vya kukolezea mchuzi, vingi vina chumvi nyingi sana. Kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili zitakupa ladha bila kukudhuru. Chumvi isikae mezani. Sukari ya chai ishushe taratibu. Kama unaweka vijiko vitatu, weka viwili mwezi huu, ulimi uzoee, kisha kimoja. Ukikata vyote siku moja utarudi kwenye vitatu kabla wiki haijaisha.

La tatu ni kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya kukaza misuli. Uzuri wa mwongozo huo ni kwamba umeondoa ile sharti ya zamani ya kufikisha dakika kumi mfululizo. Kila dakika inahesabika. Sikuambii ukakimbie barabarani alfajiri gizani, usalama wako ni sehemu ya afya yako. Anza na dakika 60 kwa wiki. Ukimaliza kula mchana, zunguka jengo dakika kumi na mwenzako mmoja, siku nne. Jumamosi tembea kwa mguu kwenda sokoni, mwendo wa kuhema kidogo lakini bado unaweza kuongea. Ikikaa mwilini, baada ya mwezi ongeza. Ngazi za ofisini panda mwenyewe daktari akisharuhusu, na ile ndoo unayoibeba jioni usidhani haihesabiki. Jioni moja moja, ugali ukiwa jikoni, simama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika. Hayo ni mazoezi ya misuli ya mapaja, hayahitaji jimu.

Usianze yote matatu kwa pamoja. Anza na mlo wa mchana. Watafiti wa London waliofuatilia watu wakijenga mazoea mapya, katika matokeo ya mwaka 2010, waliona wastani wa siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kufikiria, wengine siku 18, wengine zaidi ya 250. Miezi mitatu inatosha kupanda tabia moja au mbili. Haitoshi kumgeuza mtu mzima kuwa mtu mwingine.

Na sasa kitu ambacho kilikuangusha mara ya kwanza, na kitakuja tena kila mwezi: kufunga hesabu. Ulipanga lengo kwa wiki nzuri, kisha wiki mbaya ikalivunja, ukaona umeshindwa. Panga malengo mawili kuanzia sasa. La wiki za kawaida ni hilo nililokueleza. La wiki ya hesabu liwe dogo kiasi kwamba unaliweza hata ukitoka saa tatu usiku: umekula mchana, umekunywa dawa, umekunywa maji, basi. Kutembea kupumzike. Ukitimiza hayo, wiki hiyo iandike kuwa umefaulu, kwa sababu umefaulu kweli. Jumatatu inayofuata unarudi kwenye lile la kawaida bila kujiadhibu na bila kulipiza kwa njaa.

Kilo je? Zipime kama unataka, mara moja kwa wiki mbili, siku ile ile, asubuhi, mlango umefungwa. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji, chumvi na siku za mwezi, kwa hiyo mzani wa Jumatatu moja haukuelezi mengi. Kwa lengo la muda mrefu, kilo nne mpaka sita kwa miezi sita au zaidi ni makadirio ya haki kwa mwili wako, daktari akikubali. Lakini kipimo ninachotaka ukitazame kuliko hicho ni presha. Ikishuka na kutulia wakati mzani hauendi popote, mpango wako unafanya kazi.

Kwenye ukurasa wa afisa utumishi unaweza kuandika hivi, ubadilishe utakavyo:

"Napendekeza mzunguko wa pili uwe na malengo ya pande mbili. Uongozi: saa ya chakula cha mchana kulindwa kwa idara zote, chai kuletwa bila sukari, maji na matunda kwenye vikao, mlo na usafiri wiki ya kufunga hesabu. Mfanyakazi: achague mwenyewe jambo moja au mawili ya kufanya kila wiki kulingana na kazi na afya yake, kwa ushauri wa muuguzi. Upimaji uwe wa hiari na wa siri. Zawadi za uzito zifutwe. Mpango udumu miezi sita, na mwishoni tuulizane ni siku ngapi watu walikula mchana, wangapi bado wanaendelea na jambo walilochagua, na nini kwenye ratiba ya kazi kiliwazuia."

Tafuta wenzako wawili au watatu wa idara nyingine waweke sahihi pamoja nawe, dereva mmoja akiwemo. Karatasi ikiwa na majina ya idara tatu, itakuwa vigumu kuisoma kama malalamiko ya mtu mmoja aliyeshindwa kupungua. Na afisa utumishi akikuuliza kwa nini lengo la saa ya chakula liwe la uongozi, mwonyeshe ile wiki yako uliyoiandika, mlo kwa mlo, saa kwa saa.